Inchi Tatu za Akiba

Insha yenyewe haikuwa na ugumu wowote. Ilikuwa ya zile ambazo walimu huzitoa Jumatatu asubuhi wakiwa hawajajiandaa: "Mimi baada ya miaka kumi." Darasa zima likainamia madaftari. Kengele ilipolia kulikuwa na madaktari kumi na mmoja, marubani watatu, na kijana mmoja wa dawati la nyuma aliyejipa urais bila hata kupigiwa kura. Msichana wa dirishani, ambaye shule nzima ilimwita Pini kwa sababu hakukosa pini mbili tatu kwenye ukosi wa blauzi, aliandika tarehe, akakipigia mstari kichwa cha insha kwa rula, kisha akaandika sentensi moja. "Leo ni Jumatatu." Akaweka kalamu chini.

Mwalimu wa lugha alimbakiza darasani wenzake walipotoka. Alikuwa mwalimu mwema, na wema wake ndio uliokuwa unachosha: aliamini kila mtoto ana ndoto mfukoni, kazi ni kumsachi tu.

"Haya ni masihara, binti?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi niambie kwa mdomo. Miaka kumi ijayo utakuwa wapi?"

"Sijui."

"Mitano?"

"Sijui, mwalimu."

"Haya, mwakani. Mwakani hapa hapa, mtu hashindwi."

Pini alijaribu. Alikunja uso kama mtu anayetafuta jina la jirani wa zamani. Mwakani haikuja. "Mwalimu, mimi naweza kufika Ijumaa tu," alisema.

"Ijumaa kuna nini?"

Pini akaanza kufunga begi lake. Mwalimu akaandika kwa wino mwekundu "Jitahidi kufikiri", akamrudishia daftari, akaenda zake kunywa chai. Tusimlaumu sana. Ijumaa ya Pini ilikuwa imefichwa mahali ambapo mwalimu asingeweza kuiona, chini ya kifuniko cha cherehani.

Cherehani ilikuwa ya mama yake. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na waliosema "Fundi" pale hawakuwa na haja ya kuongeza fundi wa nini. Alishonea kwenye chumba cha mbele, dirishani, na meza yake ya kukatia ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili, tundu la kitasa bado lipo. Kwa miaka kumi na mmoja ndiye aliyeshona sare za shule ya wasichana ya mlimani. Wazazi walisema sare za Fundi hazifi, na walikuwa wanasema kweli.

Siri ilikuwa kwenye daftari. Daftari la Fundi lilikuwa na safu mbili. Mtoto akisimama mbele yake, Fundi hakuanza na tepu. Alianza kwa kumtazama viganja, akashuka kwenye miguu, akauliza, "Mama yako mrefu? Na kaka yako mkubwa, ananipita mimi?" Kisha ndipo alipopima. Safu ya kushoto aliandika kile tepu ilichosema. Safu ya kulia aliandika kile alichosema yeye. Tofauti ya safu hizo mbili, mara inchi mbili, mara tatu, aliiita akiba. Aliikunja ndani ya upindo wa sketi na kuishika kwa mishono mirefu, ili mwaka ukigeuka mzazi achukue wembe, afumue, na sketi irefuke pamoja na mwenyewe. Sketi ya Pini ilikuwa na mistari miwili iliyofifia karibu na magoti, kila mmoja na mwaka wake.

Ugonjwa wa Fundi ulianza kwa mlima. Akienda kupima watoto shuleni, alianza kusimama katikati ya njia na kujifanya anatazama vitu: leo mabeseni ya dukani, kesho tangazo la mtu aliyepoteza mbuzi. Baadaye miguu ikavimba, halafu uvimbe ukapungua na yeye akapungua nao, mpaka mashavu yakaingia ndani. Daktari alisema mlango mmoja wa moyo haufungi vizuri. Dawa zingemsukuma mbele kidogo, lakini dawa ya kweli ilikuwa kupasuliwa, na kwa upasuaji kulikuwa na foleni.

Siku sita kabla ya ile insha, Pini aliinua kifuniko cha cherehani ili atie mafuta, akakuta barua ya hospitali kuu imekunjwa mara nne. Foleni ilikuwa imefika. Nafasi ya mgonjwa ilikuwa wiki kumi na moja na nusu tangu barua ilipofika. Ila mgonjwa alitakiwa atie saini na kuirudisha barua kabla ya Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa sita mchana, vinginevyo nafasi ingekwenda kwa mwingine. Mahali pa saini palikuwa peupe. Barua ilikuwa na wiki nzima tangu ifike.

Aliikunja upya mara nne, akairudisha, akangoja mama aseme. Mama alisema chumvi imezidi. Alisema paka wa jirani ameingia tena. Jioni ile ile akatoka chumba cha ndani amebeba magauni yake matatu mkononi.

"Nipunguzie haya. Yananipwaya, nachekesha watu."

Pini akamvalisha moja moja, akambana kwa pini. Kiuno kilichokuwa thelathini na nne kilikuwa kimeshuka hadi ishirini na saba. Akashona kama alivyofundishwa, kitambaa kilichozidi akakiacha ndani ya mshono.

"Hapana," mama alisema. "Kata. Usiache kitu ndani, yananikwaruza."

"Ukinenepa je?"

"Kata, mwanangu."

Basi akakata. Vipande vilianguka sakafuni, virefu na vyembamba, rangi tatu. Akavifagia, lakini kuvitupa mkono ulikataa. Akavitia kwenye mfuko wa plastiki na kuusukuma chini ya kitanda chake. Fundi aliyefundisha mtaa mzima kuacha akiba alikuwa ameagiza ya kwake ikatwe. Pini hakuwa mjinga, alielewa alichoambiwa.

Kuanzia hapo wakati ulimharibikia. Sijui niseme vipi, maana watu wazima husahau mambo haya haraka sana. Saa moja ilikuwa ndefu kupita kiasi, lakini wiki haikuwepo. Alfajiri aliamka kabla ya jogoo, akashika pumzi ili asikie pumzi ya mama ng'ambo ya ukuta, akizisikia tatu za kufuatana ndipo anaanza siku. Shuleni aliishi kutoka kengele hadi kengele. Daftari lake la hesabu lilipojaa hakuanza jipya, aliandika pembeni, juu, chini, mpaka mwalimu akamwuliza kama anafuga siafu. Maktaba ilimwazima kitabu kwa wiki mbili, akakirudisha kesho yake bila kukifungua. Wenzake wakipanga sherehe ya kumaliza shule, nani atavaa nini, yeye aliitikia tu. Ukimwambia "mwezi ujao", ni kama umemtajia mtu asiyemjua.

Watu wazima walikuwa na majibu tele. Mama mdogo, msusi mwenye kiti chake njia panda na mdomo usio na breki, alipita Jumanne asubuhi kumjulia hali dada yake, akamkuta Pini amesimama mlangoni na begi la shule, haingii hatoki.

"Vijana wa siku hizi hamtazami mbele, mnatazama simu. Ukipanga maisha yako sasa hivi, utakuja kunishukuru."

"Simu yangu ilikufa, mama mdogo."

"Ndiyo maana umekosa raha. Haya, nenda shule. Mama yako huyu nitamlisha mwenyewe."

Mama mdogo hakujua habari za barua. Fundi hakumwambia mtu. Pini naye hakusema, kwa sababu aliogopa kwamba akiitaja, mama atasema "hapana" kwa sauti, na neno likishatoka halirudi. Barua ikiwa chini ya kifuniko, angalau ilikuwa bado haijasemwa.

Jumanne hiyo hiyo, mchana, ilikuwa siku ya kupima wanafunzi wapya wa shule ya mlimani. Fundi alivaa viatu, akafika mlangoni, akashika fremu, akavua viatu.

"Nenda wewe," alisema. "Kazi unaijua. Safu mbili, usisahau."

Wasichana thelathini na wanane walipangwa mstari kwenye ukumbi wa chakula, wote wa miaka kumi na mitatu hivi, wengine wakiwa wamevaa nguo za dada zao. Pini alipima kiuno, akapima kutoka kiunoni hadi gotini, akaandika kushoto. Kazi ya kushoto aliiweza hata akiwa amelala. Kila mara penseli ilipovuka mstari kwenda kulia, ilisimama.

Namba kumi na tisa alikuwa kadogo, viatu vyake vikubwa vimejazwa karatasi mbele ili visitoke. "Dada, niachie ndefu," kalisema. "Kwetu tunarefuka ghafla. Dada yangu alilala mfupi, akaamka anagonga taa." Mstari mzima ukaangua kicheko, na Pini akacheka nao kwa moyo kabisa. Kisha akamtazama mtoto ili amwone akiwa na miaka kumi na minne, kumi na mitano, kama mama alivyomfundisha. Akamwona ana miaka kumi na mitatu. Inchi ishirini na tatu. Hakuna zaidi.

"Nitajaza nyumbani," alijiambia. Hakujaza.

Jumatano hakwenda shule. Mama alikuwa amelala chumba cha ndani juu ya mito mitatu, kwa kuwa akilala chali pumzi inamkata. Pini alitandaza kitambaa cha buluu juu ya ule mlango, tabaka nane kwa mara moja, akaweka daftari kwenye tundu la kitasa lisimame, na akaanza kuchora kwa chaki. Alitumia namba za kushoto, na chini yake nusu inchi ya kukunja, basi. Kusema kweli alifurahi. Ilikuwa furaha yake ya kwanza tangu siku ya barua. Zile namba zilikuwa zimetoka kwenye tepu, kwenye miili ya watu waliosimama mbele yake, hakuna mtu angeweza kuzibishia. Mkasi ulipita kitambaani bila kusita. Jioni sketi zote thelathini na nane zilikuwa zimekatwa na kufungwa mafungu, na pembeni kumebaki kitambaa kingi kuliko mwaka wowote. Akafikiri mama atamsifu kwa kubana matumizi.

Alhamisi Fundi aliamka na nafuu kidogo. Alikuja chumba cha mbele kwa kushika ukuta, akaketi kwenye stuli yake, akavuta fungu la kwanza na kulifungua. Hakutazama. Aliweka kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, akakipitisha chini mpaka mwisho. Akachukua cha pili. Akachukua cha kumi.

"Upindo uko wapi?"

Pini, aliyekuwa anavaa begi, akalishusha.

"Lete daftari."

Alilileta. Fundi akafunua kurasa mbili, safu ya kushoto imejaa kwa mwandiko safi, safu ya kulia nyeupe kutoka juu hadi chini. Uso wake, ambao kwa miezi mitatu ulikuwa wa mgonjwa, ukarudi kuwa wa fundi, na fundi aliyekasirika.

"Umewakatia leo tu! Hawa watoto watavaa hizi sketi mpaka lini, mpaka zikauke kwenye kamba? Baada ya miezi sita magoti yote nje, na kila mzazi atauliza ni mkono wa nani. Miaka kumi na mmoja, Pini. Sijawahi kumkatia mtoto wa mtu bila akiba. Nilikufundisha nini? Ulikuwa unawaza nini?"

"Sikuweza kuona."

"Kuona nini?"

"Watakavyokuwa. Nilijaribu, mama. Nilikuwa nawaona walivyo tu."

"Hujui kukisia? Umekisia na mimi tangu una miaka tisa! Mtu hakati kitu kana kwamba hakina kesho!"

"Mbona wewe uliniambia nikate?"

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Nje, mtu aliyekuwa anapita alipunguza mwendo.

"Nilikuambia lini?"

"Magauni yako. Yote matatu. Uliniambia usiache kitu ndani. Nikakuuliza ukinenepa je, ukaniambia kata. Nikakata!"

"Yale ni mengine."

"Mengine vipi?"

"Mimi mtu mzima."

Pini alikwenda kwenye cherehani, akainua kifuniko, akatoa barua na kuiweka juu ya vile vitambaa vya buluu. "Kesho saa sita mchana," alisema. "Kesho, mama. Sijui baada ya hapo kuna nini. Nimejaribu kutazama, hakuna kitu. Shuleni wananiuliza miaka kumi."

Fundi hakuishika barua. Aliitazama, na hasira ikamtoka polepole, akabaki mwanamke mwembamba kwenye stuli.

"Umekaa na hili tangu lini?"

"Siku tisa."

"Siku tisa," Fundi alirudia. Aliweka kiganja mdomoni. "Na mimi najisemea mtoto ana mapepe ya ujana."

Akaanza kusema akiwa ameelekea dirishani, kwa sababu kuna mambo ambayo mzazi hawezi kuyasema akiwa anatazamwa. "Daktari aliniambia katika kumi, wanane wanatoka salama. Mtu mwingine angeshika wale wanane. Mimi nimeshikwa na wale wawili, usiku na mchana nawaona. Nikikaa hivi, nina miezi. Pengine mwaka. Naijua, naweza kuipanga: mitihani yako, hizi sketi, nimfundishe mama yako mdogo kukulea bila kukupigia kelele. Nikienda kule, inaweza ikawa ni siku ile tu, asubuhi nipo na mchana sipo. Kwa hiyo kila asubuhi nasema, leo nimeamka, basi, leo inanitosha. Ya mbele siiangalii."

"Hata mimi," Pini alisema.

Walitazamana, na kila mmoja akamwona mwenzake vizuri. Hapakuwa na faraja yoyote. Mama alikuwa amemrithisha binti yake hofu ile ile, kipimo kile kile, na hakuwa amejua.

Fundi alijipangusa uso kwa upande wa khanga. "Kwanza sketi za watu," alisema. "Masalia yako wapi? Yapime."

Pini akapima masalia. Yadi tatu na inchi chache.

"Una bahati ulikuwa mbahili. Itatosha kwa kubana. Tutaunga upindo wa ndani, kila sketi na mkanda wake. Ile nusu inchi uliyoacha ndiyo ya kuungia. Itakuwa kazi mara mbili, lakini kwa nje hakuna atakayejua. Sasa keti. Chukua penseli. Mimi sikuwaona hawa watoto, wewe uliwaona. Namba moja, alikuwaje?"

"Sikumbuki, mama."

"Unakumbuka. Ulimshika kiuno. Viganja vyake?"

Pini alifumba macho. "Vikubwa. Vidole virefu, kama mtu mzima."

"Huyo atakwenda juu. Ongeza tatu. Andika. Namba mbili?"

"Mnene kidogo. Mama yake alikuwa pale, mfupi."

"Moja na nusu. Andika."

Ndivyo walivyokwenda. Mwanzoni mama ndiye aliyesema namba, Pini akawa karani. Walipofika wa kumi, mama aliishiwa pumzi, akaegemea ukuta na kumpungia mkono aendelee mwenyewe. Pini akaendelea. Wa kumi na moja alikuwa na kovu gotini na mikono ya blauzi imepanda hadi nusu, kwa hiyo alikuwa ameshaanza kurefuka: tatu. Wa kumi na nne alisimama amejikunja kama anayeomba radhi kwa urefu wake, huyo amefika, moja inatosha. Alipofika kumi na tisa alisita. Aliona vile viatu vilivyojazwa karatasi. Kisha, bila kuitafuta, akaona karatasi zikitolewa, moja baada ya nyingine, na mguu ukijaa kiatu, na kadogo kale kakiinama mlangoni kwa majivuno ili kasigonge taa.

"Kumi na tisa, nne," alisema.

Fundi akafumbua jicho moja. "Nne sijawahi kumpa mtu."

"Kwao wanarefuka ghafla."

"Haya. Lakini mkanda wake tutautoa wapi? Tumepiga hesabu ya tatu tatu."

"Kwa yule wa kumi na nne. Yeye amebakiza."

Fundi alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, Pini akainuka kwa wasiwasi, mama akamwashiria aketi. Waliendelea hadi thelathini na nane. Safu ya kulia ikajaa. Jua lilikuwa limehama kutoka kwenye meza hadi ukutani, na shule, ambayo Pini alikuwa hajaikumbuka tangu asubuhi, ilikuwa imeshafungwa.

Chini ya thelathini na nane kulikuwa na mstari mmoja mtupu. Pini aliutazama. Halafu akachukua tepu shingoni mwa mama yake, akapiga magoti mbele ya stuli, akaizungusha kiunoni. Mama aliinua mikono tu, kama walivyokuwa wameinua wale wasichana.

"Ishirini na saba," Pini alisema, na akaandika kushoto. Kisha akaiweka penseli kwenye kiganja cha mama, akavikunja vidole vya mama juu yake. "Hii nyingine siwezi kuandika mimi."

Akaenda chumbani kwake. Aliinama chini ya kitanda kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akiwa ameshika ule mfuko wa plastiki, akisikiliza. Alisikia pumzi. Alisikia stuli ikilia. Akazihesabu pumzi, zikapita tatu, zikapita kumi. Alijua kabisa kwamba mama anaweza kuiacha safu ya kulia wazi, na kwamba hakuna mtu wa kumshtakia.

Aliporudi penseli ilikuwa mezani.

"Thelathini na tatu," Fundi alisema bila kumtazama. "Ile thelathini na nne siitaki tena, nilikuwa nimezidi. Umebeba nini?"

Pini alimwaga mfuko mezani. Vipande vya rangi tatu, virefu na vyembamba, vilianguka juu ya buluu. Fundi alikishika kimoja, akakinyoosha kwa kidole gumba kama anavyonyoosha kila kitambaa, na midomo yake ikaanza kucheza. Akauma meno mpaka ikatulia.

"Lete kalamu ya wino," alisema. "Hospitali hawapokei penseli."

Saini yake ilipinda, haikufanana na ile ya kwenye risiti za duka la vitambaa. Pini aliichukua barua na kusoma tarehe ya upasuaji. Kutoka siku ile ilikuwa imebaki wiki tisa na siku chache, kwa maana siku walizokaa kimya nazo zilikuwa zimehesabiwa. Alihesabu wiki kwa vidole, vikaisha vya mkono wa kwanza, akaanza vya mkono wa pili, na alipokaribia mwisho hofu ilimkamata kiasi cha kumfanya aketi. Kwa siku tisa alikuwa ameogopa saa inayofuata tu. Sasa aliiogopa siku moja iliyo mbali, yenye tarehe, ambayo ingekuja ataka asitaka, na wawili katika kumi walikuwa bado wapo, hawajaenda popote. Machozi yakamtoka.

"Unalia nini tena? Si nimetia saini?"

"Ni mbali, mama."

"Ndiyo," Fundi alisema. "Ni mbali kweli."

Hakumwambia asilie. Alitandaza gauni lake juu ya ule mlango, akageuza ndani nje, akapanga kile kipande cha kitambaa kando ya mshono mahali kilipokuwa zamani. Alitunga uzi mara ya tatu ndipo ukaingia, akampa Pini sindano.

"Mishono mirefu," alisema, "ili siku ya kufumua nisihangaike."